Homa ukiwa ugenini: duka la dawa, kliniki au dharura? Guangzhou, London, Ulaya na Marekani

Usiku wa sita tukiwa Guangzhou, China, mama mmoja wa Kariakoo niliyesafiri naye kununua mzigo alianza kutetemeka. Tangu asubuhi tulikuwa tumezunguka masoko ya Sanyuanli, basi akasema ni uchovu na kiyoyozi cha hoteli. Akameza Panadol mbili, akajifunika mablanketi yote ya chumba, akaniambia, "Mwanangu, nenda duka la dawa uniletee mseto wa malaria. Nikimeza nikalala, kesho nitaamka mzima."

Nikashuka. Duka la kwanza nilimwonyesha muuzaji tafsiri kwenye simu, akatikisa kichwa. La pili vilevile. La tatu wakanipa dawa ya mafua, kwa moyo mzuri kabisa. Ndipo nilipoelewa kwamba njia tuliyoizoea nyumbani, ya kuanzia duka la mtaani na kwenda hospitali mambo yakishindikana, ng'ambo inaweza kumgharimu mtu uhai wake. Tangu siku hiyo kila ndugu yangu anayesafiri namuuliza: ukipata homa huko uendako, unajua utabisha mlango gani?

Kwa nini homa? Kwa sababu ndiyo inayotufuata. Malaria ile kali ya kwetu, ya falciparum, kwa kawaida huchukua kama wiki moja hadi mwezi tangu mbu akuume mpaka homa ianze. Unaweza kupanda ndege Dar, Mombasa au Bujumbura ukiwa buheri wa afya, ukaangukia hotelini. Dalili zake, yaani homa, kichwa kuuma, viungo kuchoka na kutapika, zinafanana na za mafua, na daktari ambaye hajaiona kwa mwaka mzima hawezi kuiwaza kwanza. Ikishakuwa kali, siku moja au mbili zinatosha kuua. Wala si wageni tu wanaopatwa. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Marekani wakikaa huko miaka, kinga waliyokuwa nayo hupungua, wakija likizo hurudi na malaria. Uingereza ilirekodi wagonjwa zaidi ya 2,000 wa malaria mwaka 2023, wote wakiwa wameipatia nje ya nchi, na wengi wao ni watu waliotoka kutembelea jamaa zao Afrika.

Kwa hiyo nitalinganisha milango mitatu, duka la dawa, kliniki ya kawaida na kitengo cha dharura, katika sehemu nne ambazo watu wetu huenda sana.

Duka la dawa nilimalize upesi. Kwa kikohozi, mzio, kuharisha kidogo au malengelenge ya viatu vipya, ndiyo sehemu bora na ya bei rahisi karibu kila nchi. Mfamasia wa Ulaya amesoma, atakusikiliza bure, na akiona hali inamzidi atakwambia uende kwa daktari. Ufaransa utalijua duka kwa msalaba wa kijani, Ujerumani kwa herufi A kubwa nyekundu, na huko Ujerumani hata vidonge vya paracetamol huvipati dukani pengine, ni famasia tu. Usiku na Jumapili mlangoni hubandikwa anwani ya famasia iliyo zamu. Antibiotiki hutauziwa bila cheti cha daktari, usijisumbue kubembeleza. Na kama una homa na umetoka kwetu ndani ya miezi mitatu, mlango wako si huu. Hilo halina mjadala.

Guangzhou: pesa kwanza, majibu haraka

China ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria tarehe 30 Juni 2021. Ni ushindi mkubwa, hasa ukikumbuka kwamba dawa ya artemisinin, ambayo ndiyo moyo wa mseto tunaomeza sisi, ilipatikana huko huko kwa utafiti wa Tu Youyou miaka ya 1970, naye akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Lakini ushindi huo una maana nyingine kwa msafiri: ugonjwa wako umekuwa mgeni kama wewe mwenyewe.

Hospitali kubwa za umma zina utaratibu ambao ukishaujua hauogopeshi. Unaanza dirishani na pasipoti, unajiandikisha (wenyewe husema *guahao*) na kulipa ada ya kumwona daktari. Daktari wa kawaida ana ada ndogo, bingwa ana ada kubwa zaidi. Daktari anaandika vipimo, unarudi kulipa, unatolewa damu, majibu mara nyingi unayachukua mwenyewe kwenye mashine, unarudi kwa daktari, unalipia dawa, unaenda kuichukua. Kila hatua fedha hutangulia huduma. Siku hizi watu wengi hulipa kwa simu, kwa Alipay au WeChat, na kadi ya benki ya kigeni inaweza kuunganishwa humo. Fanya hivyo siku ya kwanza ukiwa mzima. Kuhangaika na namba ya siri huku mgonjwa ameegemea bega lako ni mateso.

Mwenye homa ana mlango wake. Tangu mlipuko wa SARS wa mwaka 2003 hospitali kubwa za China zimetenga kliniki za homa, *fare menzhen*, mbali na wagonjwa wengine. Ukifika mapokezi ukasema homa watakuelekeza huko, usidhani wanakufukuza. Sisi tulifika saa nane usiku, tukiwa tumeandika kwenye karatasi maneno mawili: 疟疾, yaani malaria, na "Tanzania". Daktari kijana aliyekuwa zamu aliyasoma, akamtazama mama, akaita mtu wa maabara. Kabla hakujapambazuka majibu yalikuwa yametoka.

Kulazwa kunataka malipo ya awali, na hapo ndipo fedha za mzigo huanza kuliwa. Hata hivyo kwa anayelipa mfukoni, hospitali ya umma ya China ni nafuu mno ukilinganisha na Marekani. Kliniki binafsi za kimataifa zipo, zina Kiingereza na makochi mazuri, lakini bei yake ni ya mbali. Hospitali kadhaa kubwa za umma zina idara ya wageni, ambayo iko katikati kwa bei na kwa lugha. Mimi ningechagua hospitali kubwa ya umma pamoja na mkalimani, na mkalimani mzuri kuliko wote ni mwanafunzi wa kwetu anayesomea udaktari huko. Gari la wagonjwa ni namba 120, nalo hulipiwa.

London: hofu yetu ndiyo ghali zaidi

Nimewasikia watu wengi wa nyumbani wakisema Uingereza usiende hospitali kama huna bima, watakufilisi. Si kweli kwa namna hiyo, na kuamini hivyo kumewachelewesha wagonjwa.

Kwa England utaratibu uko hivi. Huduma ya kitengo cha dharura, wanachokiita A&E, haina malipo kwa mtu yeyote, awe mtalii au mkimbizi. Vituo vya kutibu majeraha madogo na vile vya kuingia bila miadi viko chini ya kanuni hiyo hiyo. Gari la wagonjwa ukipiga 999 halikuletei ankara. Daktari wa mtaa, GP, naye ni bure kumwona, na mgeni anayekaa zaidi ya saa 24 na chini ya miezi mitatu anaweza kuandikishwa kama mkazi wa muda. Malipo yanaanza pale unapolazwa wodini au unapopewa miadi ya kurudi kwa bingwa. Hapo mgeni asiye mkazi hutozwa asilimia 150 ya bei ya ndani ambayo mfumo wa afya wa umma huzilipa hospitali zake. Kwa upasuaji au siku kumi wodini, ni fedha nyingi.

Lakini yapo magonjwa yaliyoondolewa kwenye tozo hiyo kwa ajili ya afya ya jamii, na hili wengi wetu hatulijui: kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi na malaria vimo. Kupimwa malaria na kutibiwa, hata ukilazwa kwa ajili yake, hakutozwi. Wakikupima wakakuta si malaria, vipimo vya mpaka hapo navyo havikudai. Mwenye homa aliyetoka Tanga wiki mbili zilizopita hana sababu ya kifedha ya kukaa kitandani akisubiri ipoe.

Ubaya wa London ni kusubiri. Unaweza kukaa saa nyingi kwenye viti vile, na muuguzi wa mapokezi ndiye anayeamua nani atangulie. Usimwambie "najisikia vibaya." Mwambie hivi: nina homa, nimetoka eneo la malaria tarehe fulani. Sentensi hiyo hukusogeza mbele kuliko kulalamika. Kama huna hakika uende wapi, piga 111, ni bure, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Ila ukiwa na homa baada ya safari ya kwetu, mshauri wa simu akikuambia upumzike nyumbani, mkumbushe tena umetoka wapi.

Deni la hospitali lisipuuzwe. Likifika pauni 500 na kukaa zaidi ya miezi miwili bila kulipwa wala kupangiwa utaratibu, hospitali inaweza kuripoti kwa Idara ya Mambo ya Ndani, na maombi yako ya viza yajayo yakakwama. Ukiletewa ankara, omba kulipa kidogo kidogo kwa maandishi. Wenye viza za muda mrefu, kama wanafunzi, wako upande mwingine kabisa: wameshalipa ada ya afya pamoja na viza, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi na 1,035 kwa watu wazima wengine wengi, kwa hiyo hutibiwa kama wakazi.

Ulaya ya Schengen: bima unayo tayari, isome

Huku swali la bima limeshajibiwa na ubalozi. Bila bima ya angalau euro 30,000 inayofanya kazi nchi zote za Schengen na kulipia kurudishwa nyumbani, viza ya matembezi hupati. Tatizo ni kwamba wengi huinunua ile ya bei ya chini kabisa ili tu ubalozi uridhike, karatasi ikabaki kwenye bahasha pamoja na barua ya mwaliko. Itoe. Tafuta namba ya simu ya saa 24, iandike kwenye simu yako na ya mwenyeji wako. Bima nyingi hutaka upige *kabla* ya kulazwa, na usipopiga wanaweza kupunguza au kukataa malipo.

Kwa daktari wa kawaida utalipa mwenyewe kisha udai, au utaletewa ankara kwa posta kama ilivyo desturi Ujerumani. Omba risiti yenye jina lako, tarehe, ugonjwa na dawa. Karatasi isiyotaja ugonjwa itakurudia. Dharura ni 112 nchi zote. Ujerumani ina namba nyingine, 116117, ya daktari wa zamu wakati zahanati zimefungwa na hali yako si ya kufa na kupona.

Kwa malaria Ulaya ina hazina yake. Hamburg kuna Taasisi ya Bernhard Nocht, Antwerp kuna Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto, na Wakongo na Warundi wa Ubelgiji wanaifahamu hiyo ya pili vizuri. Ukiwa karibu na miji hiyo usihangaike na zahanati ya kijijini. Ukiwa mbali, hospitali ya chuo kikuu ndiyo chaguo la pili.

Marekani: watakupokea, halafu bahasha zitafuata

Sheria ya mwaka 1986, EMTALA, inailazimisha karibu kila hospitali yenye kitengo cha dharura kumpima mtu yeyote anayefika na kumtuliza hali yake, bila kuangalia uraia wala mfuko. Hawaruhusiwi kukuacha mlangoni. Lakini sheria haisemi ni bure. Baada ya wiki chache bahasha zinaanza kuingia: moja ya hospitali, nyingine ya daktari, nyingine ya maabara, nyingine ya aliyesoma picha ya kifua, na kama ulipiga 911 ukabebwa, nyingine ya gari.

Kwa sababu hiyo ndugu zetu huko hukimbilia kliniki za *urgent care*, yaani za huduma ya haraka, zilizo kwenye maeneo ya maduka. Kwa kidole kilichokatika kidogo, sikio au mkojo unaouma, wana akili. Bei ni ndogo sana kuliko ya dharura na unaweza kuiuliza kabla hujaketi. Kwa homa ya kutoka kwetu, hapana. Nyingi ya kliniki hizo haziwezi kusoma damu kwa darubini usiku uleule. Watakupima mafua, watakupa Tylenol, yaani paracetamol, utalipa, kesho utaenda dharura ukiwa hoi na kulipa tena. Marekani nzima huona wagonjwa wapatao 2,000 wa malaria kwa mwaka, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 330. Daktari wa kliniki ya pembeni anaweza kustaafu bila kukutana na hata mmoja.

Viza ya matembezi ya Marekani haidai bima, na hapa ndipo familia huumia. Mama anakuja kumsaidia binti aliyejifungua, anakaa miezi mitano, ana presha na kisukari. Watoto wanamnunulia bima mtandaoni kwa kuangalia bei tu. Bima za wageni ziko namna mbili. Ya kwanza hulipa kiasi maalumu kwa kila kitu, tuseme dola kadhaa kwa kila siku ya kulazwa, na iliyobaki ni yako. Kwa bei za hospitali za Marekani iliyobaki ndiyo karibu yote. Ya pili hulipa asilimia ya gharama yenyewe baada ya wewe kulipa sehemu ya kwanza. Nunua ya pili, hata kama ni lazima ndugu wachange. Kisha soma kipengele cha magonjwa ya zamani. Nyingi hazilipii presha wala kisukari alichokuja nacho mama, isipokuwa kikizuka ghafla, na neno "ghafla" wamelifafanua wao.

Kama ankara imeshakuja, usikate tamaa wala usilipe kwa haraka. Omba mchanganuo wa kila kitu kwa mstari wake, makosa hutokea. Uliza fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za faida, ambazo ni nyingi, zinatakiwa kisheria kuwa na mpango wa kuwapunguzia au kuwasamehe wasio na uwezo, na nyingi hazikuulizi uraia. Tuma maombi mapema.

Ghuba na Hija, kwa kifupi

Dubai gari la wagonjwa ni 998. Kinachowakamata watu wetu huko zaidi ni dawa walizobeba wenyewe: vidonge vyenye tramadol au kodeini vinadhibitiwa vikali, na unatakiwa kupata kibali cha mamlaka za huko kabla hujasafiri. Usikubali kumbebea mtu bahasha ya dawa, hata akiwa shemeji yako. Muscat, Oman, lugha inaweza kukuokoa, maana si ajabu kumkuta muuguzi au karani anayeongea Kiswahili cha Unguja. Hujaji ana nafuu kubwa: wakati wa Hija hospitali za serikali ya Saudia huwatibu mahujaji bila malipo, na viza ya Umra huja na bima yake.

Kitu cha kubeba

Kadi yako ya bima ya afya ya taifa ya Tanzania, NHIF, haitambuliwi kwenye dirisha la hospitali yoyote niliyoitaja, kwa hiyo usiihesabu. Kati ya bima na pesa taslimu, msimamo wangu ni huu: China, kwa safari ya wiki mbili, mtu mzima asiye na ugonjwa wa kudumu anaweza kutegemea akiba aliyoitenga kando na fedha za mzigo, kiasi cha kutosha malipo ya awali ya kulazwa. Uingereza bima ni kwa ajili ya ajali na upasuaji, si kwa homa. Marekani bila bima ni kumweka mwenyeji wako rehani.

Na mseto? Ubebe dozi kamili ndani ya boksi lake, na cheti chake. Lakini usiutumie kama kisingizio cha kutokwenda hospitali. Mgonjwa anayetapika hatabaki na kidonge tumboni, na malaria kali inataka artesunate ya sindano. Tena kipimo kimoja kikisema hakuna malaria usiridhike. Wadudu wanaweza kujificha mwanzoni, na damu hutakiwa kurudiwa kila baada ya saa 12 hadi 24, mpaka mara tatu. Ng'ambo kote nilikotaja ni lazima wewe mwenyewe uikumbushe.

Mama alilazwa siku tatu. Siku ya pili, dripu ikiwa mkononi, aliomba kalamu akaandika nyuma ya tiketi yake ya ndege, kwa herufi kubwa: jina, umri, kundi la damu, dawa ya presha anayomeza, mzio wa salfa, namba ya mwanawe wa kwanza, na chini kabisa maneno yale mawili, 疟疾 na "Tanzania". Safari iliyofuata nilimwona uwanja wa ndege. Alikuwa ameyachapisha, akayapiga plastiki, yananing'inia shingoni pamoja na kadi ya njano ya chanjo.